Nondo wa Matembele: Umbo Lake, Chakula Chake na Maeneo Anakopatikana

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, siku moja niliingia katika darasa la Kidato cha Nne, katika shule moja ya kutwa hapa Ubungo, nikiwa na kopo la rangi lililojaa udongo. Ndani ya udongo ule nilitoa kitu cha kahawia, kigumu, chenye urefu wa kama sentimita 5, na upande mmoja kilikuwa na kitu mfano wa mkono wa birika. Nikauliza, "Hiki ni nini?" Mmoja akasema ni mbegu. Mwingine akasema ni ganda la konokono. Wa tatu akasema ni mzizi uliokauka.

Nikawauliza swali jingine: "Taja hatua nne za metamofosisi kamili." Darasa zima likajibu kwa pamoja kama kwaya: yai, lava, pupa, mdudu kamili! Wakati huohuo kile kitu kiganjani mwangu kikatikisa ncha yake, na wanafunzi wa dawati la mbele wakaruka. Kilikuwa pupa. Walikuwa wamekitaja dakika hiyohiyo, lakini hawakukitambua.

Hapo ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama. Tunajua majina lakini hatujui vitu. Mtihani wa vitendo hukuwekea kielelezo mezani, nao mtihani wa nadharia hukuuliza "eleza kwa nini" na "toa sababu". Aliyekariri peke yake hukwama hapo. Katika somo hili tutamchukua mdudu mmoja tu, anayeishi karibu na nyumba zetu, na kupitia kwake tutarudia mada kadhaa: uainishaji, mabadiliko ya umbo, mabadiliko ya kimaumbile yanayomwezesha kiumbe kuishi, uchavushaji, mlolongo wa chakula na udhibiti wa wadudu waharibifu.

Mtihani utauandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, ukilielewa jambo vizuri kwa Kiswahili, kulisema kwa lugha nyingine ni kazi ndogo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze:

1. Kumwainisha nondo wa matembele kuanzia himaya hadi spishi.
2. Kueleza umbo la mdudu huyu katika kila hatua ya maisha yake.
3. Kutaja mimea anayokula na kueleza kwa nini huichagua hiyo.
4. Kueleza maeneo anakopatikana duniani na mambo yanayoweka mipaka ya maeneo hayo.
5. Kueleza faida na hasara zake kwa binadamu, na kupendekeza njia salama za kumdhibiti.

1. Ni mdudu gani huyu?

Umewahi kukaa usiku na taa ikiwaka, ghafla akaingia mdudu mkubwa wa kijivu, akazunguka taa kwa mvumo kama wa feni ndogo, na kila mtu akatafuta kandambili? Wapo wanaosema ni mgeni anakuja, na wapo wanaosema ni mambo ya kishirikina. Huyo kwa kawaida ni nondo, na mara nyingi huwa wa familia ya Sphingidae, nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba wanaoruka kwa kasi sana. Duniani zipo spishi zaidi ya 1,400 za familia hii, na nyingi zinaishi katika nchi za joto.

Wetu wa leo kisayansi anaitwa *Agrius convolvuli*. Kwa Kiswahili watu humwita nondo tu, kama wenzake wote. Ili tusichanganye, katika somo hili tutamwita nondo wa matembele.

Uainishaji wake ni huu:

- Himaya: Animalia
- Faila: Arthropoda
- Klasi: Insecta
- Oda: Lepidoptera
- Familia: Sphingidae
- Jenasi: *Agrius*
- Spishi: *Agrius convolvuli*

Mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, ndiye aliyempa jina la spishi mwaka 1758. Neno *convolvuli* limetokana na *Convolvulus*, jenasi ya mimea inayotambaa na kujisokota kwenye mimea mingine. Kwa hiyo jina lenyewe tayari linakudokeza chakula chake.

Kumbuka: Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa na la spishi kwa herufi ndogo. Ukiandika kwa mkono, piga mstari chini ya kila neno peke yake, usiunganishe mstari mmoja chini ya yote mawili.

2. Umbo la mdudu kamili

Mwili wake, kama wa wadudu wote, una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo.

*Kichwa.* Kina macho mawili makubwa, vipapasio viwili, na mrija wa kunyonyea uitwao probosisi. Akiwa ametulia, mrija huu hukunjwa kama waya wa jiko la umeme. Akiukunjua, unaweza kuwa mrefu kuliko mwili wake wote.

*Kifua.* Kimebeba jozi tatu za miguu na jozi mbili za mabawa. Kimejaa misuli ya kurukia. Kabla ya kuruka, nondo hutetemesha mabawa kwa muda akiwa amesimama. Watu hudhani anaogopa, kumbe anapasha misuli joto kama mwanamichezo kabla ya mechi.

*Tumbo.* Hapa ndipo pa kumtambulia. Pembeni mwa tumbo kuna mistari ya waridi na nyeusi inayopishana, na katikati ya mgongo umepita mkanda mpana wa kijivu. Ukiona waridi na nyeusi zikipishana hivyo, umeshampata.

*Mabawa.* Akiyakunjua, kutoka ncha hadi ncha ni kati ya sentimita 8 na 12, yaani karibu upana wa kiganja chako. Mabawa ya mbele ni ya kijivu yenye michirizi ya kahawia na nyeusi, na ya nyuma ni ya kijivu hafifu yenye mistari myeusi ya kukata. Mchana hutulia kwenye shina la mti, kwenye nguzo au kwenye ukuta usiopigwa rangi, na mabawa ya mbele hufunika yale ya nyuma pamoja na tumbo. Ile rangi ya waridi yote hupotea. Unaweza kumpita nusu hatua usimwone.

Unga unaobaki vidoleni ukimshika ni magamba madogo sana. Oda yake inaitwa Lepidoptera kwa sababu hiyo, maana yake "mabawa ya magamba". Vipepeo nao wamo katika oda hiyohiyo.

Tofauti za jumla kati ya kipepeo na nondo

| Kipepeo | Nondo |
|---|---|
| Huruka mchana | Wengi huruka usiku |
| Vipapasio vina kirungu kwenye ncha | Vipapasio havina kirungu |
| Akitua, mara nyingi husimamisha mabawa juu ya mgongo | Akitua, mara nyingi hulaza mabawa juu ya mwili |
| Mwili mwembamba | Mwili mnene, wenye manyoya mengi |

Neno "wengi" na "mara nyingi" usiyaache. Wapo nondo wanaoruka mchana, na mtahini makini huangalia kama unalijua hilo.

3. Hatua nne za maisha yake

*Yai.* Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani ya mmea wa chakula. Yai ni la mviringo, la kijani, lenye ukubwa wa kama milimita 1. Kutaga mojamoja ni faida, kwa kuwa kila kiwavi hupata chakula chake bila kugombania, na adui akipata mmoja hapati wote.

*Lava, yaani kiwavi.* Akianguliwa huanza kutafuna majani. Vinywa vyake ni vya kutafunia, tofauti kabisa na mrija wa mama yake. Ana jozi tatu za miguu halisi kifuani na jozi tano za miguu ya bandia tumboni, ya kushikia shina. Pembeni ana vitundu vya kupumulia. Ngozi yake haiwezi kutanuka bila kikomo, hivyo hujivua mara kadhaa anavyokua. Akikomaa hufikia sentimita 9 hivi, unene kama wa kidole.

Wapo viwavi wa kijani na wapo wa kahawia au weusi, wote spishi moja. Usidhani ni wadudu wawili. Wote wana michirizi iliyolala mshazari ubavuni, na wote wana pembe moja iliyopinda kwenye ncha ya nyuma. Pembe hiyo inatisha kuitazama, lakini haichomi wala haina sumu.

*Pupa.* Kiwavi aliyeshiba huacha kula, hushuka chini na kujifukia ardhini. Huko hugeuka kuwa pupa la kahawia. Mfano wa mkono wa birika niliowaambia ni ala ya probosisi. Mrija ni mrefu mno kutosha ndani ya mwili wa pupa, hivyo hupewa mfuko wake wa nje. Pupa halili na halitembei, ila linaweza kutikisa tumbo likiguswa. Ndani yake viungo vya kiwavi vinavunjwa na vya nondo vinajengwa.

*Mdudu kamili.* Nondo hutoka ardhini, hupanda juu ya kitu, hujaza mabawa yake damu ya mwili mpaka yanyooke, husubiri yakauke, kisha huruka.

Katika joto kama letu la pwani, mayai huanguliwa kwa siku chache, kiwavi hula kwa wiki 3 hadi 4 hivi, na pupa hukaa ardhini wiki kadhaa. Sehemu zenye baridi muda huo huwa mrefu zaidi.

Swali linalowashinda wengi: *Kuna faida gani mdudu kuwa na metamofosisi kamili?* Jibu ni kwamba kiwavi na nondo hawagombanii chakula. Kiwavi hula majani, nondo hunywa nekta ya maua. Pia kila hatua ina kazi yake: kiwavi ni wa kula na kukua, nondo ni wa kusambaa na kuzaliana. Na wakati mazingira ni mabaya, pupa husubiri salama ardhini.

4. Mimea anayokula

Hapa lazima utenganishe hatua mbili. Mtahiniwa akiulizwa "nondo huyu hula nini?" akajibu "matembele" bila kusema ni hatua ipi, jibu lake ni nusu.

*Chakula cha kiwavi.* Kiwavi hula zaidi majani ya familia ya Convolvulaceae. Anayejulikana zaidi humo ni kiazi kitamu, *Ipomoea batatas*, ambacho majani yake ndiyo matembele. Wengine ni mimea pori ya jenasi *Ipomoea* na *Convolvulus*, kama ile inayotambaa kwenye fensi na viwanja vitupu, yenye maua mfano wa tarumbeta ya zambarau yanayofunguka asubuhi. Ukilitazama ua la kiazi kitamu na lile la kwenye fensi, utaona ni ndugu.

Jambo la kufikirisha ni hili. Asili ya kiazi kitamu ni bara la Amerika, sehemu za joto. Kilifika kwetu kwa njia ya biashara ya baharini. Nondo huyu alikuwapo Afrika tangu kabla ya zao hilo, akila jamaa zake wa porini. Binadamu alipopanda kiazi kitamu, nondo hakuhitaji kujifunza chakula kipya. Jike huchagua mmea kwa harufu na kwa kuonja kwa miguu, na kemikali za kiazi zilifanana na za mimea aliyoizoea. Kwa hiyo sisi ndio tuliomwandalia shamba.

Wapo nondo wengine wa familia hiyo wanaokula matembele, kama *Hippotion celerio*, ambaye kiwavi wake ana alama mfano wa jicho sehemu ya mbele na hula pia majani ya mzabibu. Usimchanganye kiwavi wetu na viwavijeshi. Viwavijeshi hushambulia nafaka kama mahindi, hutembea kwa makundi, ni wadogo na hawana pembe nyuma.

*Chakula cha mdudu kamili.* Nondo mwenyewe hana meno. Hunywa nekta, hasa ya maua meupe au ya rangi hafifu, yenye harufu kali jioni na yenye mrija mrefu. Hatui juu ya ua. Husimama hewani mbele yake, mabawa yakipiga kwa kasi, kisha huingiza probosisi.

Urefu wa probosisi ni mfano mzuri wa kueleza jinsi ua na mdudu wanavyobadilika kwa kutegemeana. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kuhusu okidi ya Madagaska, *Angraecum sesquipedale*, ambayo nekta yake iko mwisho wa mrija wa karibu sentimita 30. Alisema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Watu walishangaa. Mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki, wanasayansi Rothschild na Jordan walimpa jina nondo huyo wa Madagaska, *Xanthopan morganii praedicta*. Ni wa familia ileile ya nondo wetu wa matembele.

5. Maeneo anakopatikana

Nondo wa matembele ana eneo kubwa kuliko wadudu wengi. Anapatikana Afrika, kuanzia kaskazini hadi kusini, pamoja na Madagaska. Anapatikana kusini mwa Ulaya, sehemu kubwa ya Asia, Australia na hadi New Zealand. Bara la Amerika hayupo. Huko yuko jamaa yake, *Agrius cingulata*, ambaye naye kiwavi wake hula kiazi kitamu.

Kila mwaka, majira ya joto, wengine huruka kutoka Afrika na maeneo ya Mediterania kuelekea kaskazini mwa Ulaya. Wanafika Uingereza, na wapo waliofika Iceland. Lakini huko hawadumu. Baridi inapoingia, mapupa yaliyo ardhini hufa.

Hapo pana funzo la mtihani. Mambo yanayoweka mipaka ya eneo la kiumbe ni:

1. *Joto.* Ardhi ikiganda, pupa haliponi.
2. *Chakula.* Pasipo mimea ya Convolvulaceae, kiwavi hana pa kuanzia.
3. *Unyevu na udongo.* Kiwavi anahitaji udongo anaoweza kuuchimba ajifukie.
4. *Uwezo wa kusafiri.* Nondo huyu ana mabawa yenye nguvu, hivyo husambaa mbali.

Sasa tazama Ubungo. Joto lipo mwaka mzima. Katika mabonde ya vijito vinavyoelekea Mto Msimbazi watu wanalima mchicha na matembele, na wanamwagilia hata kiangazi. Fensi za Kimara, Mbezi na Kibamba zimejaa jamaa wa porini wa kiazi kitamu. Udongo wa bustani ni laini kwa sababu unalimwa kila mara. Masharti yote yametimia, ndiyo maana usiku unamkuta kwenye taa ya barazani.

6. Adui au rafiki?

Swali hili ni zito kwa sababu jibu lake linaishia kwenye sufuria.

*Hasara.* Kiwavi mmoja aliyekomaa anaweza kumaliza majani mengi kwa usiku mmoja na kubakiza vikonyo. Mkulima wa viazi anaweza kuvumilia kidogo, kwa sababu mali yake iko chini na mmea huchipua tena. Mama anayeuza matembele kwa fungu hawezi kuvumilia, kwa sababu jani ndilo mali yenyewe. Jani lenye matundu halinunuliwi.

Basi hutokea nini? Mkulima hununua dawa na kupulizia. Kila dawa ya kuua wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye kibandiko. Lakini matembele huchumwa mara kwa mara, na mteja anasubiri leo. Jioni moja nilimkuta jirani yangu akipulizia bustani yake bondeni. Kesho yake asubuhi nikaliona fungu la matembele ya bustani ileile likiuzwa gengeni, majani mazuri yasiyo na tundu hata moja. Nilimuuliza kwa upole. Akanijibu, "Mwalimu, yenye tundu hamnunui." Sikuwa na la kumjibu, maana kweli nami nilikuwa nachagua yasiyo na matundu.

*Faida.* Mpapai mara nyingi huwa dume au jike. Ua la mpapai jike halizai bila chavua kutoka mpapai dume, na maua yake ni meupe, yenye harufu inayozidi jioni. Nani huhamisha chavua usiku? Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson katika mashamba ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kuwa wachavushaji wa mipapai hiyo ni nondo wa familia ya Sphingidae, na kwamba uoto wa asili ulio karibu na shamba unasaidia mipapai kutembelewa na nondo. Watu wengi uani wana mpapai mmoja au miwili, wala hawajui kuwa papai la asubuhi ni kazi ya mgeni wa usiku.

Aidha, kiwavi na nondo ni chakula cha wengine:

majani ya matembele → kiwavi → kuku → binadamu

nekta ya maua → nondo → popo

Dawa inapopulizwa haibagui. Huua kiwavi, huua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kiwavi na kumpunguza bila gharama, na hupunguza nondo wachavushaji.

*Njia salama za kudhibiti:*

1. *Kuokota kwa mkono.* Tafuta vinyesi vyeusi, vikubwa kama punje za mtama, chini ya mmea. Ukiviona, kiwavi yuko juu yake. Okota jioni au alfajiri. Kwa bustani ndogo za mjini njia hii inatosha.
2. *Kupindua udongo* baada ya kuvuna. Mapupa hutoka juu, na kuku na ndege humalizia kazi.
3. *Kubadilisha mazao*, yaani kutopanda matembele mfululizo kwenye tuta lilelile.
4. *Kulinda maadui wa asili* kwa kutopulizia ovyo.
5. *Dawa iwe ya mwisho*, kwa kipimo kilichoandikwa, na siku za kusubiri zizingatiwe.

Kwa hiyo ukiulizwa kama mdudu huyu ni adui au rafiki, usiandike neno moja. Andika: akiwa lava ni mharibifu wa matembele, akiwa mdudu kamili ni mchavushaji. Kisha toa sababu.

7. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika kuwa kiwavi ana miguu kumi na sita halisi. Halisi ni sita. Mingine ni ya bandia.
- Kusema pupa "limelala" au "limekufa". Ndani yake mabadiliko makubwa yanaendelea.
- Kutaja chakula bila kutaja hatua ya maisha.
- Kuanza mlolongo wa chakula na mnyama. Huanza na mzalishaji, ambaye ni mmea.
- Kuelekeza mshale vibaya. Mshale unaonesha chakula kinakokwenda, hivyo hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula.
- Kuchora kielelezo bila kichwa cha mchoro, au kwa mistari iliyorudiwarudiwa. Tumia penseli iliyochongwa na mstari mmoja safi.

8. Zoezi la vitendo nyumbani

Tafuta kiwavi kwenye matembele yasiyopuliziwa dawa. Mweke kwenye kopo kubwa lenye udongo mlaini wa kina cha sentimita 10 au zaidi. Funika kwa kipande cha chandarua. Kila siku weka majani mapya, toa kinyesi, pima urefu wake na uandike. Akiacha kula na kujifukia, usimchimbe. Nyunyiza maji kidogo udongo usikauke, weka kijiti cha kupandia, na subiri. Akitoka, mchore, kisha mwachie jioni.

9. Maswali ya kujipima

1. Andika uainishaji wa *Agrius convolvuli* kuanzia himaya hadi spishi. (alama 7)
2. Taja tofauti tatu kati ya vinywa, miguu na chakula cha lava na vya mdudu kamili. (alama 6)
3. Ulipewa viwavi wawili wenye pembe nyuma, mmoja wa kijani na mwingine wa kahawia. Mwenzako anasema ni spishi mbili. Je, rangi peke yake inatosha kuthibitisha hilo? Eleza. (alama 4)
4. Eleza kwa nini nondo wa matembele hufika Uingereza lakini haweki makazi ya kudumu huko. (alama 4)
5. Mkulima wa bondeni anataka kupulizia dawa matembele anayokusudia kuyauza kesho. Mshauri, ukitoa sababu tatu za kibiolojia na njia mbili mbadala. (alama 10)

Majibu elekezi

*Swali la 1:* Rejea sehemu ya 1. Kila ngazi ina alama yake, na jina la spishi lipigiwe mstari.

*Swali la 2:* Lava ana vinywa vya kutafunia, mdudu kamili ana probosisi ya kunyonyea. Lava ana jozi tatu za miguu halisi na jozi tano za bandia, mdudu kamili ana jozi tatu tu. Lava hula majani, mdudu kamili hunywa nekta.

*Swali la 3:* Haitoshi. Viwavi wa spishi moja wanaweza kutofautiana rangi. Ushahidi bora ni kuwalea wote wawili na kulinganisha wadudu kamili watakaotoka.

*Swali la 4:* Mdudu kamili ana uwezo wa kuruka mbali majira ya joto, lakini pupa haliwezi kustahimili baridi ya ardhini. Hivyo kizazi hakiendelei.

*Swali la 5:* Sababu: mabaki ya dawa humfikia mlaji kwa kuwa siku za kusubiri hazijapita, dawa huua maadui wa asili wa kiwavi, dawa hupunguza wachavushaji. Mbadala: kuokota kwa mkono, kupindua udongo, au kubadilisha mazao. Mtahiniwa atakayekumbuka kuwa mkulima huyu naye anategemea bustani hiyo kwa riziki, akampa njia anayoiweza, atakuwa ametoa jibu kamili kuliko aliyeandika "aache" peke yake.

Leo jioni, kabla ya kugeuza ukurasa, toka nje ukatazame taa ya barazani na majani ya matembele ya jirani. Ukimwona, weka kandambili chini, hesabu mistari ya waridi, na umtajie jina lake. Kielelezo ulichokwisha kukitazama kwa macho yako hakikusumbui siku ya mtihani. Nakutakia maandalizi mema.